Saa Mbili ya Nani?

Simu ililia saa nane usiku. Kwa umri wangu, simu ya saa hizo huwa na habari moja kati ya mbili: kuna msiba, au kuna kijana anayetaka ile hela niitume kwenye namba hii. Nikapokea nikiwa nimejiandaa kwa yote mawili. Kumbe ni dereva wetu.

"Mzee, nimefika na viti. Hapa wenyewe wamelala. Halafu kuna mbwa."

"Umefika wapi?"

"Kwa wenye harusi. Nilitakiwa saa nane kamili, nimewahi dakika kumi."

Nyuma yake nilisikia vijana wa ulinzi shirikishi wakimuuliza ni harusi gani hiyo inayoshushiwa viti mia mbili usiku wa manane, na kwa nini Canter yenyewe ina taa moja. Hilo la taa nalijua, tusiliingize humu.

Biashara ni ya mama watoto, niseme mapema. Anakodisha viti vya plastiki, maturubai, na masufuria yale ya kupikia pilau la ukoo mzima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na kazi yangu pale ni kuhesabu viti vinaporudi na kulaumiwa visipotimia. Mwezi ule mpwa wangu, mtoto wa dada, anayesomea mambo ya kompyuta, alikuwa ametufungia wakala. Mama watoto aliposikia neno wakala alifurahi kweli, akauliza kama atakuwa anatoa na kuweka pesa za mitandao yote, na mwavuli wake utakaa upande gani wa geti. Ikabidi aelezwe kwamba huyu ni wakala wa akili mnemba. Wengine wanaiita akili unde, wakishakubaliana wanijulishe. Kazi yake ni kusoma ujumbe wa wateja, kuangalia kama vifaa vipo, kuandika oda na kumpa dereva ratiba. Haombi mshahara, hali ugali, haibi vijiko. Tukakubali.

Sasa mteja yule aliandika vizuri kabisa: viti mia mbili, Jumamosi, saa mbili asubuhi. Wakala akaandika 02:00. Simu ya dereva ikaonyesha 02:00, ambayo kila mwenye simu anajua ni saa nane za usiku, na dereva wetu, ambaye tangu tumwajiri hajawahi kuwahi popote, siku hiyo akaamua kuanza.

Asubuhi mpwa akaja. "Shikamoo mjomba." Nikaitikia ile marahaba fupi ya mtu ambaye hakulala. Nikamwambia amfukuze huyo wakala wake leo hii. Yeye akafungua kompyuta taratibu, akasema kosa si la wakala. Kosa ni la maelezo ya zana.

"Zana gani? Nyundo?"

"Mjomba, modeli, yaani ile akili ya wakala, haina mikono. Inajua kusoma na kuandika, basi. Mikono ndiyo hizi zana, yaani programu ndogondogo nilizoandika mimi. Moja inaandika oda, nyingine inatafuta mteja, nyingine inatuma ujumbe. Lakini modeli haioni ndani ya programu. Inaona jina la zana, maelezo yake, na nafasi za kujaza, kama fomu ya serikali ya mtaa. Inachagua zana, inajaza fomu, programu inafanya kazi, jibu linarudi."

Akaongeza kwamba kampuni ya OpenAI ilifungua mlango wa mambo haya Juni 2023, na Novemba 2024 kampuni nyingine, Anthropic, ikatoa utaratibu wa pamoja unaoitwa MCP, ili zana ya huyu iingie kwenye modeli ya yule kama plagi kwenye soketi. Nikamwambia mfano wa plagi awape wengine. Nyumba hii soketi zina matundu matatu, chaja zina miguu miwili, na miaka yote tunaishi kwa kuchokonoa tundu la tatu na kifuniko cha kalamu.

"Nionyeshe hayo maelezo," nikasema.

Akanionyesha. Zana inaitwa weka_oda. Maelezo: huweka oda. Nafasi za kujaza: siku, namba 1 hadi 7. Saa: saa. Mahali: mahali. Bei: bei.

Nilivua miwani, nikaifuta kwa ncha ya shati, nikaivaa tena. Maelezo yalikuwa yaleyale.

"Saa ni saa?"

"Ndiyo mjomba. Si iko wazi?"

Nina Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, toleo la 1981, haina jalada na kurasa za herufi Z zililiwa na panya, lakini hata ilivyo mgonjwa hivyo haithubutu kumwambia mtu kwamba saa ni saa. Nimesahihisha insha za watoto walioandika kwamba jua ni kitu cha jua. Wale niliwapa sifuri. Huyu wa kwetu amefika chuo kikuu.

Nikavuta kiti. Nikamweleza mpwa wangu jambo ambalo nilidhani alinyonya na maziwa: saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Huku karibu na ikweta jua halina utani, linatoka karibu muda uleule mwaka mzima, kwa hiyo kuhesabu kuanzia hapo ni akili tupu. Wa kuulizwa maswali ni wale walioamua siku ianze katikati ya usiku, watu wote wakiwa wamelala na hakuna hata shahidi mmoja. Lakini basi, mashine ililelewa na hao. Nikachukua kibodi, nikaandika kwa kidole kimoja:

"Saa: muda wa kufikisha vifaa kwa mteja, kwa mtindo wa saa 24. Wateja wetu husema saa za Kiswahili: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa nane mchana ni 14:00, saa mbili usiku ni 20:00. Mteja asiposema ni asubuhi, mchana au usiku, muulize kwanza."

Mpwa akasema nimetumia sentensi tatu kwa neno moja. Nikamwambia nimeokoa mbwa wa watu.

Tukaingia kwenye siku, na hapo ndipo undugu wetu ulipojaribiwa. Kwenye programu yake, 1 ni Jumatatu. Nikamuuliza Jumatatu inakuwaje ya kwanza na jina lake lenyewe limebeba tatu mgongoni. Akasema ndivyo kinavyosema kiwango cha kimataifa, ISO 8601. Nikasema siku ya kwanza ni Jumamosi, muulize bibi yako. Akasema Jumamosi ni ya sita.

"Alhamisi maana yake nini?" nikamuuliza.

Hajui.

"Ni ya tano, kwa Kiarabu. Na Jumatano?"

"Ya... tano."

"Haya. Waswahili tuna siku za tano mbili, zimekaa jirani kwenye wiki moja, na hazijawahi kugombana. Na kwa kiwango chako namba 5 ni nani?"

Akanyamaza kidogo. "Ijumaa."

Zikawa tatu. Mama watoto alipita na beseni la nguo, akauliza kama bado tuko kwenye wiki ileile. Tukapatana iandikwe tarehe kamili, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na wakala apewe tarehe ya leo kila anapoanza kazi, ili mteja akisema kesho kutwa au mtondo ajue ahesabu kutoka wapi. Mtondogoo mpwa hakuwa ameisikia tangu azaliwe. Sikusema kitu. Niliguna tu.

Bei ilikwisha haraka kwa sababu ilikuwa aibu. Mteja mmoja aliambiwa "mbili na nusu". Kila mtu anayekodisha viti anajua hiyo ni laki mbili na nusu. Ukiwa sokoni ni elfu mbili na mia tano, na ukiwa unaulizia kiwanja ni milioni. Wakala aliandika 2.5. Kwa hesabu za kampuni, tulikuwa tumefanya sherehe nzima ya kipaimara kwa shilingi mbili na senti hamsini. Sasa maelezo yanasema: bei ni shilingi za Tanzania, namba kamili, bila nukta wala mkato, kwa mfano 250000.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe majina ya zana zenyewe ndiyo yalikuwa na maradhi.

Kulikuwa na zana inayoitwa funga_oda. Maelezo: hufunga oda. Mama watoto akimwandikia wakala "funga oda ya Tabata", maana yake viti vifungwe kamba, kumi kumi, vipakiwe kwenye gari. Mpwa alipoandika ile programu, maana yake oda imekwisha, vifaa vimerudi, pesa imelipwa, kitabu kifungwe. Wakala hakuona kamba wala gari, aliona neno, na neno lipo. Kwa wiki mbili akawa anafunga. Oda kumi na moja zilisomeka zimekamilika na kulipwa huku viti vyake viko stoo vinapigwa vumbi na wateja wanatupigia simu za matusi. Nilikuwa nimeanza kushangaa kwa nini kwenye kompyuta tuna hela hivi na nyumbani tunakula dagaa.

Halafu toa_kifaa. Wewe msomaji, nikikwambia "toa sufuria", utafanya nini? Utaliondoa stoo? Utampa mteja? Utapunguza moja kwenye hesabu? Kiswahili kimempa huyu "toa" kazi nyingi kuliko mtoto wa kwanza, na sisi tunaelewana kwa sababu tunaangaliana usoni. Programu ya mpwa maana yake ilikuwa kulifuta sufuria kwenye orodha ya mali, kama limepasuka au limeibwa. Masufuria manane yalikwenda Magomeni kwenye arobaini, wakala akayatoa, na tangu siku hiyo ukimuuliza anajibu kwa adabu zote kwamba kampuni hii haijawahi kumiliki sufuria.

Tukaivunja zana ile, zikawa mbili. Moja ikaitwa kabidhi_kifaa_kwa_mteja, nyingine futa_kifaa_kwenye_orodha, majina marefu kama treni ya mizigo, lakini hakuna atakayepotea. Na kwenye ile ya kufuta nikaandika pia wakati wa kutoitumia: "Usitumie zana hii kifaa kinapokwenda kwa mteja na kitarudi, hapo tumia kabidhi_kifaa_kwa_mteja." Mpwa akafurahi, akasema ndivyo hasa miongozo inavyoshauri. Zilikuwepo nyingine tatu, tafuta_mteja, pata_mteja na angalia_mteja, zote zikifanya kazi moja, na wakala alikuwa akisitasita kati yake kama mgeni kwenye kamati ya harusi yenye mwenyekiti, mratibu na msimamizi, wote wameshika maikrofoni na barafu haijanunuliwa. Tukabakiza moja.

Nikamuuliza hiyo miongozo inasema nini kingine, maana nilianza kuhisi ninafanya kazi ya watu bure. Akasema Anthropic wameandika kwamba maelezo ya kina ndiyo kitu kinachosaidia zana kuliko vyote, sentensi tatu nne na zaidi kwa zana moja, na kwamba ukitaka kuyaandika vizuri, fikiria unamweleza mfanyakazi mgeni aliyeanza leo.

Hapo nilicheka mpaka nikakohoa. Mfanyakazi mgeni! Mimi nilipoanza kazi, mwalimu mkuu alinikabidhi chaki mbili na fimbo, akaniambia "utazoea". Dereva wetu alipewa funguo, akaambiwa "utazoea", na kuhusu ile taa bado anazoea. Nchi nzima tunaendesha kwa utazoea. Mashine peke yake ndiyo imekataa kuzoea. Kila mazungumzo inaanza upya kama iliyoshuka kwenye basi sasa hivi na begi kichwani, na inaandaliwa karatasi yenye mifano, vipimo na tahadhari. Nina miaka thelathini na moja na mke wangu na sijaandaliwa hata nusu ukurasa.

Basi nikasema ngoja niwaonyeshe kuandika. Nikajifungia siku mbili, nikatoka na maelezo ya zana ya kuweka oda, kurasa tatu, yenye utangulizi, historia fupi ya viti vya kukodi hapa Dar es Salaam, na methali mbili. Mpwa alisoma, akakuna kichwa.

"Mjomba, hii modeli inalipiwa kwa vipande vya maneno. Kila mteja akiandika 'mambo', maelezo ya zana zote yanasomwa tena, na tunalipa."

Vipande ndiyo nini? Akanionyesha. Mashine haisomi neno zima, inalikata. Maneno ya Kiingereza mengi yanapita mzimamzima, lakini "hatutawapelekea" letu, lenye sentensi kamili tumboni, linakatwakatwa kama kuku wa wageni, na kila kipande kina bei. Kwa hiyo ninaposema kwa Kiswahili ninalipa zaidi ya jirani anayesema kwa Kiingereza jambo lilelile. Nimelipia taka, nimelipia ulinzi, nimelipia daraja. Sikujua kama ipo siku nitatozwa kwa viambishi. Nilikata utangulizi, nikakata historia. Methali moja niliing'ang'ania siku nzima, mpwa akaifuta nilipokwenda kuswali.

Mahali palitutoa jasho kidogo. Mteja aliandika Morocco, akimaanisha pale Kinondoni yanapogeuzia mabasi ya mwendokasi, na wakala akamjibu kwa unyenyekevu kwamba kwa sasa hatusafirishi viti nje ya nchi. Mwingine akaandika Mbezi. Mbezi ipi? Iko Mbezi Beach upande wa barabara ya Bagamoyo, na iko Mbezi ya Luis barabara ya Morogoro, na ukikosea moja foleni itakuhesabia dhambi zako zote kabla hujafika ya pili. Mwingine akaandika: "pale pa siku ile." Hiyo nayo ni anwani, mama watoto aliielewa papo hapo. Nikaandika kwamba mahali ni lazima pawe na mtaa na alama inayoonekana, na ikitajwa Mbezi peke yake, aulizwe.

La mwisho lilikuwa majibu ya zana yenyewe inaposhindwa. Ile ya kutuma ujumbe ilikuwa ikikwama inarudisha neno moja: "Hitilafu." Wakala angefanyaje na neno hilo? Akajaribu tena. Na tena. Ujumbe kumbe ulikuwa unakwenda, na mteja mmoja alikumbushwa deni lake mara tisa ndani ya dakika nne. (Alilipa. Lakini si njia.) Mimi nilimwonea wakala huruma, kwa sababu ninajua kusimama mbele ya dirisha ukaambiwa "mtandao unasumbua" na dirisha likafungwa, hujui urudi kesho, ubadilishe karatasi, au uoe kwao. Tukaandika upya: "Namba ya simu imepungua, inatakiwa tarakimu 10 zinazoanza na 0. Muulize mteja namba sahihi." Au: "Ujumbe umeshatumwa. Usitume tena." Nilipoyasoma majibu hayo niliona wivu wa kweli. Ofisi nilizopitia kufuatilia mafao yangu hakuna hata moja iliyowahi kunijibu hivyo.

Mpwa akasema sasa tusisome tena, tujaribu. Tukachukua ujumbe ishirini wa kweli wa wateja, pamoja na ule wa pale pa siku ile, tukamtupia wakala mmoja mmoja na kuangalia anachukua zana gani na anajaza nini. Alikosea mara tatu. Kila alipokosea nilikuwa tayari kumzomea, na kila mara tuliporudi kwenye maelezo tulikuta pengo ni letu. Mara ya tatu pengo lilikuwa langu, nilikuwa nimeandika "haraka" bila kusema haraka ni saa ngapi. Mpwa hakusema neno, lakini aliguna. Mguno wangu mwenyewe, ule wa mtondogoo.

Nikamalizia kwa sentensi niliyojivunia kuliko zote, juu kabisa, kabla ya zana zote: "Usikisie. Usipokuwa na uhakika, muulize mteja. Mteja asipojibu, uliza kwenye namba hii." Namba ikawekwa yangu, maana mama watoto alikataa katakata ya kwake isiwekwe.

Sasa mambo yanakwenda. Dereva anafika mchana kweupe, amechelewa kama zamani. Masufuria yamerudi kuwepo.

Juzi usiku simu ikalia. Nikapapasa miwani, nikatazama: saa nane na dakika tano. Ujumbe.

"Samahani kwa usumbufu. Mteja anataka viti 150 Mbezi. Nimemuuliza ni Mbezi Beach au Mbezi ya Luis, hajajibu. Je, ni ipi? Sitaki kukisia."

Harusi hiyo ya viti mia na hamsini ninaijua, ni ya binamu wa kinyozi. Nikaandika: Luis.

"Asante. Amesema saa mbili. Je, ni asubuhi au usiku?"

Asubuhi, nikaandika.

"Asante. Je, nifunge oda kwa maana ya kuifungasha, au kwa maana ya kuikamilisha?"

Mama watoto akageuka upande wangu. Mwanga wa simu ulikuwa umemjaa usoni.

"Nani huyo anakuuliza mambo ya Mbezi saa hizi?"

"Wakala."

"Wakala gani anafungua saa nane usiku?"